Fito Kumi na Nne za Mgongo Mrefu

Blažena Kubíčková alikuwa na vyumba vitatu vya wageni, goti bovu, na mume anayepaka miti rangi. Ndivyo alivyojitambulisha mwenyewe kwa wageni wapya waliposhuka kwenye basi hapa Horní Jestřebec, mji wetu mdogo wa milimani, na skii zao begani, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Wakiwa bado wanacheka, yeye keshawapokonya begi na kutangulia ngazini. Alizaliwa hapa. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kitani mpaka kilipofungwa, na kilipofungwa akahamisha kitanda chake na cha mumewe kwenye chumba cha chini kando ya jiko, ghorofa nzima ya juu akawaachia wageni, kwa kuwa madirisha yake yanatazama mlima. Watoto hawakujaliwa.

Mumewe, Vendelín, alikuwa bwana misitu. Juu ya kazi hiyo alikuwa na nyingine isiyo na mshahara, aliyoifanya miaka arobaini na moja: kutunza alama za njia. Mistari mitatu kwenye shina la mti au uso wa mwamba, mweupe, mwekundu, mweupe, ili mtu wa mjini apande mlima na kushuka bila kumuuliza yeyote. Kiangazi alitembea na kopo la rangi na brashi. Mwisho wa Oktoba, kabla theluji haijaifunika mistari yake, alipanda fito kule juu kwenye Mgongo Mrefu, ambako hakuna mti wa kupaka wala ukuta wa kujikinga. Fito ndefu kuliko mtu, moja kila hatua thelathini, mia moja na ishirini kwa jumla. Anayepita na skii kwenye ukungu hutoka ufito hadi ufito kama aliyeshika kamba.

Mimi ni jirani yao wa ng'ambo ya barabara. Naitwa Hedvika, nauza tiketi kwenye kibanda cha chini cha lifti, ile ya viti vinavyoning'inia kwenye waya na kupandisha watu mlimani. Haya mengine niliyaona, mengine aliniambia Blažena mwenyewe.

Miongoni mwa wageni wake hakuna aliyekuja mara nyingi kama Hynek Pastorek na mkewe Zora, kutoka Pardubice. Hynek alikuwa fundi wa taa za reli, mtu mrefu mwenye masikio makubwa. Zora alifundisha hesabu. Walikuja kila wiki ya mwisho ya Januari kuteleza kwenye theluji, na kila Agosti kutembea milimani na kuchuma zabibu pori za buluu. Miaka ishirini na miwili hawakukosa. Hawakuwa wakigonga mlango tena, walivua viatu kizingitini na kuingia jikoni moja kwa moja.

"Bwana Mchora Mawe!" Hynek alikuwa akiita. "Bado unatuharibia msitu na rangi yako?"

"Na nyie watu wa tambarare mngefika wapi bila rangi yangu?" Vendelín alijibu. "Mngekwama nyuma ya kanisa hapo."

"Miaka ishirini na miwili sijakwama hata siku moja."

"Kwa sababu unatembea na mkeo. Yeye ndiye anayesoma alama, wewe unabeba mkate tu."

Zora alikuwa anacheka mpaka anafuta miwani.

Ugonjwa wa Vendelín ulianza kimyakimya. Kwanza alipoteza majina ya watu, nasi sote hupoteza majina. Halafu akapaka mistari ya buluu kwenye njia nyekundu, karibu kilomita nzima. Blažena alipanda siku ya pili na kopo la rangi ya kijivu akaifuta yote, mti kwa mti, kisha akapaka nyekundu, na kwenye kikundi cha alama, cha wanaojitolea kutunza njia pamoja na mumewe, hakusema kitu. Baada ya hapo hakumwacha aende kupaka peke yake. Alimfuata kwenye kila njia na kibegi cha chakula, na watu wakawa wanasema tazama wazee wale wanavyopendana.

Majira ya baridi yaliyofuata Vendelín alishuka kutoka lifti, akachomeka skii zake kwenye theluji mbele ya kibanda changu, akaenda nyumbani kwa miguu na mabuti yake mazito. Nusu saa baadaye akarudi, akasimama mbele ya skii zilezile.

"Hedvika, binti," aliniambia, "mtu kaacha vitu vyake hapa. Vizuri kweli. Vitaibiwa."

Nilizibeba mwenyewe nikampelekea Blažena. Alizipokea mlangoni, akanitazama usoni, akasema, "Anachoka tu."

"Ndiyo," nikasema. "Wote tunachoka."

Nikavuka barabara nikarudi kazini. Sikumwambia mtu.

Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Blažena alipasuliwa goti katika hospitali ya wilaya. Akarudishwa nyumbani na magongo mawili na amri ya kutokanyaga mlima kabla ya Krismasi. Siku ya kupanda fito ikafika. Alikuwa na simu pembeni ya kitanda. Angeweza kumpigia Radim, mkuu wa waokoaji wa milimani, ambaye pia yumo kwenye kikundi cha alama, akamwambia tafuteni mtu mwingine mwaka huu. Alinyanyua simu mara mbili. Vendelín alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anafunga viatu, na alivifunga vizuri kabisa.

"Unanitazama kama mtoto," alimwambia.

"Nakutazama tu, mzee wangu."

"Kila kitu wamenichukulia, Blažka. Gari wamenichukulia. Bunduki wamenichukulia. Hiki niachieni."

Blažena akairudisha simu mahali pake.

Vijana wa kikundi walizipeleka fito juu kwa gari, wakazigawa mafungu mafungu kando ya njia, na Vendelín akapanda siku tatu mfululizo. Alirudi jioni ya tatu mashavu mekundu, ana njaa, anaimba. Alisema zote ziko ardhini. Blažena aliuliza mara moja tu, naye akampa hesabu bila kusita, mia moja na ishirini. Alikuwa na furaha ambayo mkewe hakuwa ameiona tangu mwaka uliotangulia. Kikundi kilitaka ripoti ya maandishi. Mwandiko wa Vendelín ulikuwa umeshaharibika, herufi zinaparamiana, hivyo Blažena alikaa mezani akaandika mwenyewe: fito zote zimepandwa, njia ni salama kwa majira ya baridi. Chini akatia sahihi ya mumewe.

Mwisho wa Januari Hynek na Zora wakaja. Zora alikuwa na mafua, na siku ya tatu aliamua kubaki nyumbani. Hynek akasema atapita Mgongo Mrefu peke yake: apande na lifti, ateleze mpaka nyumba ya mlimani, anywe chai, kisha ashuke na barabara ya msitu. Saa saba mchana atakuwa mezani. Walikuwa wanakunywa kahawa jikoni wote wanne, Zora na shuka begani.

"Venda," Hynek alimuuliza Vendelín, "njia huko juu iko sawa?"

"Hata kipofu atapita," Vendelín akasema. "Nimezipanda mwenyewe."

Blažena alikuwa anakata mkate. Aliniambia kisu hakikusita hata kidogo.

Nilimuuzia Hynek tiketi ya kwenda tu, saa tatu na nusu. Jua lilikuwa linawaka. Aliniuliza kama bado sijaolewa, kama alivyouliza kila mwaka, nami nikamjibu kwamba namngoja yeye awe mjane.

"Ngoja tu," akasema, "Zora atatuzika wote wawili." Akakaa kwenye kiti cha lifti na kunipungia fimbo yake.

Ukungu ulishuka kabla ya saa sita. Kwetu haushuki polepole. Unatazama mlima, unainama kuhesabu chenji, ukiinua kichwa mlima haupo. Upepo ukaanza, lifti ikasimamishwa. Saa saba supu ya vitunguu saumu ilikuwa mezani kwa Blažena. Saa nane alipiga simu nyumba ya mlimani, wakamwambia hajapita mtu wa sura hiyo. Dakika hiyohiyo akampigia Radim.

Walipanda watu sita. Upepo uliwaangusha kwenye theluji, na giza lilipoingia wakalazimika kurudi, nyusi zao zimeganda. Zora alikuwa amesimama uani na koti la Blažena.

"Mnarudi vipi bila yeye?" aliwauliza. "Mnarudi vipi?"

Radim alimwambia wataondoka tena kukipambazuka. Wakaondoka. Saa nne asubuhi walimkuta Hynek chini kabisa kwenye Korongo la Kinu, mguu umevunjika juu ya goti, skii moja tu imebaki. Alikuwa amejikunja nyuma ya jiwe na kuvuta kofia usoni. Daktari alisema aliishi saa kadhaa baada ya kuanguka.

Radim alikuja kwa Blažena mchana huo, kabla hajabadilisha hata nguo. Zora alikuwa juu chumbani, Vendelín amelala. Radim alifunga mlango wa jiko, akatoa chupa ya chai ndani ya koti akaiweka mezani. Chupa ya bati, imejaa matone ya rangi nyekundu.

"Unaijua hii?"

"Unajua kwamba naijua."

"Nimeikuta pale mgongo unapopinda kushoto. Kwenye mpindo hapana ufito hata mmoja, Blažena. Mita mia tatu na zaidi, tupu. Asiyeona mpindo ananyoosha mbele, na mbele ni korongo." Alivua glavu. "Fito zipo. Kumi na nne, zimelazwa chini ya misonobari mifupi, bado zimefungwa kamba ileile tuliyozifungia ghalani. Chupa ilikuwa juu yake. Inaonekana alikaa, akanywa chai, akainuka akaendelea na fungu la mbele."

Blažena aliivuta chupa karibu yake.

"Nimeziona peke yangu," Radim aliendelea, sauti ameishusha. "Wenzangu walikuwa chini wanamfunga marehemu kwenye machela. Leo jioni napanda, nazichomeka. Jumamosi likizo za shule zinaanza, mji mzima unaishi kwa hizi wiki. Tutasema upepo ulimtoa njiani. Na upepo kweli ulikuwepo."

"Na Venda?"

"Venda hajui alichokula asubuhi. Unadhani sisi ni vipofu? Tumejua siku nyingi. Tulisema mkewe yuko naye."

Akaondoka. Chupa akaiacha mezani. Blažena aliiosha, akaikausha, akaiweka kabatini, kisha akaanza kumenya viazi kwa sababu watu lazima wale.

Nilikuwepo jioni ile. Nilipeleka mkate, sikuwa na kingine cha kupeleka. Zora aliteremka saa kumi na moja, akaketi mezani mikono imelala mapajani. Vendelín aliingia, ameoga, nywele kazichana kwa maji. Akatoa sahani tano kabatini, akazipanga moja moja. Ile ya tano akaiweka mbele ya kiti cha Hynek, na kijiko chake, na bilauri ya bia.

"Hynek hajashuka bado?" akauliza. "Supu itapoa. Mtu wa tambarare yule, lazima amekwama nyuma ya kanisa."

Zora alipiga kelele. Si kilio. Kelele moja, ndefu, kama ya mtu aliyefungiwa kidole mlangoni, na Vendelín aliogopa akarudi nyuma mpaka ukutani, akaanza kuomba radhi kwa kitu asichokijua. Blažena alimshika mkono, akampeleka chumbani, akafunga mlango. Aliporudi alisimama mbele ya Zora, magongo hana, ameshikilia mgongo wa kiti.

"Zora," akasema, "hakukuwa na fito pale. Hakuzipanda. Alisahau."

Zora aliinua macho taratibu.

"Nani alisahau?"

"Venda. Ana ugonjwa wa kusahau. Nilijua. Ripoti niliandika mimi, sahihi yake niliitia mimi."

"Tangu lini?"

"Ripoti?"

"Ugonjwa, Blažena. Tangu lini unajua?"

"Miaka miwili."

Zora alivua miwani, akaiweka mezani. Kisha akaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya darasani. "Jana asubuhi. Hapa. Hynek aliuliza njia iko sawa. Wewe ulikuwa umesimama pale na kisu. Ulisikia jibu."

"Nilisikia."

"Ukakata mkate."

"Nikakata mkate."

Zora alipanda juu akafunga mizigo, yake na ya mumewe. Mimi ndiye niliyempeleka kituo cha treni na gari langu. Tulipokaribia aliniuliza kama ni kweli Hynek alinitania asubuhi ile. Nikamwambia alichosema. Akatikisa kichwa, akashuka.

Kesho yake Blažena alikwenda polisi kwa basi na kusema yote tena mbele ya karani. Radim alimsubiri kwenye kituo cha basi aliporudi.

"Umefanya nini wewe mama?" alimwambia mbele ya watu. "Mimi nimeshasema upepo. Sasa naonekana nini?"

Uchunguzi ulichukua mwaka mzima. Daktari wa serikali aliandika kwamba Vendelín hawezi kushtakiwa. Kuhusu Blažena, wakaandika kwamba kazi ilikuwa ya kujitolea, sahihi haikuwa yake kisheria, na marehemu alitoka peke yake milimani. Faili likafungwa. Nilidhani atafurahi. Alikaa na ile barua mapajani alasiri nzima, ananiuliza, "Hedvika, hivi wameisoma kweli? Au wameipitisha tu?"

Kama wangemfunga mwaka mmoja, nadhani angepumua. Hukumu akaachiwa mji. Magazeti yalikuwa yameandika, wiki za likizo zikapita lifti nusu tupu, na watu wetu hawakumlaumu kwa kunyamaza miaka miwili. Walimlaumu kwa kusema. Dukani mwenye duka alimnyooshea risiti akamuuliza, "Hii utatia sahihi ya nani leo?" Watu kwenye foleni wakacheka. Alilipa, akachukua maziwa yake, akatoka. Wageni wakaacha kuandika. Kanisani kiti chake kikawa na nafasi pande zote mbili.

Siku moja nilimwambia kwamba nami nilijua, tangu ile siku ya skii.

"Najua kwamba ulijua," akasema. "Uliniletea mpaka mlangoni." Sikuweza kutambua kama ananisamehe au ananihesabia.

Vendelín alianza kutoka nje na kopo la rangi bila viatu. Akapaka mlango wa jirani, akapaka gari la daktari. Ilibidi apelekwe nyumba ya kulelea wazee, saa moja na nusu kwa basi. Blažena alimtembelea kila Jumatano, na mwanzoni alimshika mkono wakazunguka bustani. Mwaka wa pili Vendelín alimvuta muuguzi pembeni, mkewe akiwa amesimama palepale anasikia.

"Kuna mama mmoja anakuja kila wiki," alinong'ona. "Ana goti bovu, namwonea huruma. Mwambieni asisumbuke, mimi mke ninaye nyumbani."

Blažena alirudi na basi la jioni. Jumatano iliyofuata akaenda tena.

Agosti ya mwaka huo Zora alikuja. Hakuandika, hakupiga simu. Nilimwona anashuka kwenye basi la asubuhi na fimbo mbili za kutembelea, amekonda, nywele nyeupe zote. Hakugeuka upande wa nyumba ile. Lakini barabara ya kwenda juu inapita mbele ya uzio wao, na Blažena alikuwa bustanini anang'oa magugu. Alisimama wima na udongo mikononi.

"Sikuja kwako," Zora akasema.

"Najua."

"Nataka kufika pale. Korongo la Kinu."

"Kwa chini kuna njia ya wakata miti, haina alama. Nitakuonyesha. Nitachukua fimbo tu, ni—"

"Usije. Nionyeshe kwa kidole."

Blažena alinyoosha mkono. Alieleza polepole, kama mtu anayekariri kanuni ya imani: daraja la mbao, kibanda cha kulishia kulungu, mti uliopigwa radi, hapo geuka kulia, usivuke kijito. Mkono wake ulikuwa umenyooka muda wote huo. Zora aliyarudia yote neno kwa neno, kuhakikisha, akaondoka bila kuaga.

Blažena hakurudi kwenye magugu. Alisimama pale kwenye uzio na jua likamzunguka. Nilimletea maji, akayashika bila kunywa. Saa tatu na zaidi zilipita, na kila baada ya muda aliniuliza, "Kulia nilimwambia? Ulinisikia nikisema kulia?" Nikamwambia nimemsikia. Baada ya dakika chache akauliza tena.

Zora alishuka saa nane, viatu vina tope mpaka vifundoni. Alipita ng'ambo ya barabara, upande wangu, macho mbele. Basi lilikuja, akapanda, akakaa dirisha la upande wa pili.

Vendelín alifariki Novemba. Mazishini tulikuwa tisa. Nyumba ilinunuliwa na watu wa Brno, wameongeza vyumba na kuweka bafu la mvuke. Blažena anaishi chumba kimoja juu ya shule ya zamani, dirisha linatazama ua wa makaa. Goti la pili nalo limeharibika sasa. Daktari alimwambia lipasuliwe, kama lile la Oktoba ile, akakataa.